Mama Mdogo Korongoni

Tangu mdogo wake ashuke garini Ijumaa ile, mwembamba na mweusi wa jua, na baiskeli yake imefungwa juu ya gari kama pembe za swala, Janelle alikuwa hajacheka kicheko cha kweli hata kimoja.

Si kwamba hakumpenda Corinne. Walizaliwa wawili tu kwa mama yao, na Janelle ndiye aliyemlea mwenzake wakati mama yao akifanya kazi kwa zamu katika jiko la hospitali kule mjini Price. Yeye ndiye aliyemfundisha kupanda baiskeli kwenye barabara ya vumbi nyuma ya nyumba, akikimbia huku ameshikilia kiti, mpaka siku aliyokiachia bila kumwambia. Sasa Corinne aliishi Oregon, alishindana mashindano ya baiskeli, hakuwa na mume wala mtoto, na kila kiangazi alirudi kupiga kambi nao katika makorongo ya San Rafael. Na kila kiangazi Willa, binti pekee wa Janelle, alianza kuulizia tangu theluji haijayeyuka, "Mamdogo anakuja lini?"

Mwaka huu Willa alikuwa ametimiza kumi na tatu. Ijumaa ile alikimbia kumlaki mama yake mdogo kabla gari halijasimama sawasawa. Ilipofika jioni alikuwa amevaa fulana ya Corinne, na akiongea alikuwa akitikisa kichwa vilevile anavyotikisa yeye.

Jumamosi walipanda baiskeli kwenye miamba mitupu iliyo juu ya kambi. Goti la Janelle lilikuwa limepasuliwa wakati wa baridi, kwa hiyo alikwenda taratibu, na mumewe Russ akabaki nyuma pamoja naye.

"Nenda tu na wenzako," Janelle alimwambia. "Mimi si mgonjwa."

"Nani kasema mgonjwa? Mnyororo wangu unaruka."

"Haujaruka hata mara moja, Russ. Nina masikio."

Russ akacheka. Mbele yao, mahali ambapo mwamba mwekundu ulipanda kama ukuta wa nyumba, walimwona Willa akikanyaga pedali kwa nguvu zote, na Corinne amesimama juu akipaza sauti.

"Tazama mbele, usitazame gurudumu! Lala mbele kidogo! Usibane pumzi! Hapo hapo, mwanangu!"

Maneno yale yalikuwa ya Janelle, yote, neno kwa neno, tangu enzi za barabara ya vumbi. Lakini si hayo yaliyomchoma. Lililomchoma ni lile la mwisho. Mwanangu. Willa akafika juu, akatupa baiskeli chini, wakakumbatiana wakirukaruka. Janelle naye alipofika, akisukuma baiskeli kwa mkono, binti yake alimwambia tu, "Mama, umekosa kuona!"

"Nimeona," alisema Janelle.

Mchana ule alikwenda kwenye hema la Willa kutafuta mafuta ya kukinga jua. Ndani ya mkoba wa mtoto, chini ya soksi, mkono wake ukagusa pakiti ya pedi, iliyofunguliwa. Hazikuwa za aina anayonunua yeye. Alikaa chini palepale, joto la hema likimfunika uso.

Corinne alikuwa nje kwenye moto, akipanga makaa juu ya kifuniko cha chungu cha chuma chenye pichi na unga.

"Hizi za nani?"

Corinne akainua macho. "Aa. Kumbe hajakwambia?"

"Lini?"

"Jana jioni, ulipokuwa unakaanga nyama. Nilimwambia akwambie, dada. Nilidhani ameshakwambia."

"Mwanangu amevunja ungo, na mimi niko hapo hapo nageuza nyama."

"Dada, usianze sasa..."

"Sijaanza kitu. Pichi zako zinaungua."

Hazikuwa zinaungua. Janelle alirudisha pakiti chini ya soksi jinsi ilivyokuwa, akaosha mikono, akakata tikiti maji, akamgawia kila mtu kipande chake huku akitabasamu. Upande wa pili wa moto, Willa alikuwa ameegemea bega la mama yake mdogo, wakicheka jambo lao, na Janelle akajikuta anahesabu moyoni mambo mengine ambayo huenda yule alikuwa anayajua na yeye hayajui.

Jumapili aliamka na shauri lake tayari. Alimwambia Willa wachukue baiskeli, waende matembezi, wao wawili tu. Willa alimtazama Corinne kwanza, na hilo nalo Janelle aliliona.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza Corinne, akiwa na bomba la kujazia upepo mkononi. "Niwafuate?"

"Mtoni tu, kwenye tambarare. Mwendo wa wazee. Utasinzia njiani."

Russ akauliza, "Mtoni, eh?" na Janelle akajibu, "Mtoni." Katika nchi ile mtu hudanganya umri wake, hudanganya uzito wa samaki wake, lakini mahali anakokwenda hadanganyi. Janelle alilijua hilo tangu utotoni. Hata hivyo walipofika njia panda alikata kushoto, mbali na mto, kuelekea kwenye korongo jembamba ambalo yeye na baba yake walilipita alipokuwa na umri wa Willa. Corinne alikuwa hajawahi kutia mguu humo. Kwa kitu hiki kimoja, alijiambia, nitakuwa wa kwanza.

Waliacha baiskeli chini ya mti wa mreteni, wakateremka kwa miguu. Mwanzoni Willa alijikokota akinuna. Kisha kuta zikaanza kukaribiana, nyekundu na laini, zimejipinda kama nguo inayokamuliwa, mpaka ikawabidi kutembea kiubavu, na baridi ya mle ndani ikawapoza shingo. Willa akaanza kucheka. Akajaribu sauti yake, ukuta ukamrudishia.

"Mama! Mbona hukuwahi kunileta huku?"

Janelle akahisi kifua kinafunguka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

"Mamdogo angepapenda hapa," akasema Willa.

Kikajifunga tena.

Walifika mahali ambapo korongo liliporomoka ghafla, ukuta wa utelezi wenye urefu wa kumpita mtu mzima. Chini palikuwa na mchanga. Janelle alikumbuka kwamba ukishuka hapo, unapita kona mbili, unatokea kwenye bonde pana, kisha unazunguka kurudi. Akakaa ukingoni, akaning'iniza miguu.

"Mama, ngoja," alisema Willa. "Mamdogo anasema usishuke mahali ambapo huwezi kupanda tena."

"Huyo mamdogo wako," Janelle alisema, akizungumza polepole, "nimemfundisha mimi."

Akajiachia. Goti lilipiga ukelele, lakini alisimama, akanyoosha mikono, akampokea binti yake. Wakapita kona ya kwanza, wakapita ya pili. Hapo Janelle akasimama.

Alikumbuka gogo kubwa lililobanwa kati ya kuta, ambalo baba yake aliliteremkia kama ngazi. Gogo halikuwepo. Mafuriko ya mwaka fulani yalikuwa yamelizoa, pamoja na mchanga wote. Palibaki shimo tupu, na chini kabisa maji meusi. Wakarudi kwenye ule ukuta waliouteremka. Janelle alijaribu kupanda, akateleza. Akajaribu tena, akaanguka ubavu. Simu haikushika mtandao. Juu, katika ufito wa mbingu uliobaki, kichwa cha wingu jeupe kilikuwa kinajitokeza kutoka upande wa milimani, na ilikuwa Julai, mwezi wa mafuriko ya ghafla.

"Baba atatufuata," alisema Willa. "Si anajua tuko wapi?"

Janelle alichuchumaa chini ya ukuta. "Panda mabegani mwangu."

"Goti lako..."

"Panda, Willa."

Mtoto akapanda. Janelle akainuka naye, taratibu, viganja ukutani, goti likimwaka moto mpaka machozi yakamtoka. Viatu vya Willa vikamchimba mabega, kisha vikamkanyaga kichwani, kisha uzito ukaondoka. Willa alikuwa juu, amelala kifudifudi ukingoni, uso wake umejaa vumbi.

"Sasa nikuvute vipi?"

"Hutaweza. Kimbia kwenye baiskeli, rudi kambini. Mwite mama yako mdogo, mwambie alete kamba." Alimeza mate. "Na uwaonyeshe njia, maana wanajua tuko mtoni. Niliwadanganya."

Willa alimtazama. "Kwa nini?"

"Nenda kwanza."

Mtoto hakwenda. "Ni kwa sababu ya pedi? Umeziona, siyo?"

Janelle alijifuta uso kwa mkono.

"Sikukuficha kwa ubaya, Mama. Mamdogo alikuwa nazo kwenye begi. Na wewe ungelia. Halafu ungempigia simu bibi, halafu bibi angewaambia watu wote kanisani."

"Nisingelia."

"Sasa hivi unalia."

"Ni goti. Nenda, mwanangu. Kimbia."

Aliusikiliza mchakacho wa viatu hadi ulipomezwa na kona. Kisha hakukuwa na sauti yoyote. Kwa mara ya kwanza alimwogopea mtoto kuliko alivyojiogopea mwenyewe: ule mteremko wa kokoto, peke yake, kwa haraka, na hofu moyoni. Kazi ya Corinne, ambaye siku zote mbili alimwonea wivu, ya kumfunza Willa kushuka mteremko bila kubana breki ya mbele, sasa ndiyo aliyoiombea iwe imeshika. Aliomba hivyo kwa sauti, pale kwenye mchanga, na ulimi ulimwia mzito.

Ngurumo ilisikika mbali. Mwanga ukafifia. Janelle aliuweka mkono ukutani juu ya kichwa chake, mahali palipokwama vijiti vikavu na majani, akafahamu kwamba vililetwa na maji. Hakuutazama tena ukuta ule.

Wakati mwingine alidhani anasikia watu, kumbe ni upepo. Mwishowe kweli walikuwa watu. Kamba ya kufungia mizigo ikamwangukia begani, na sauti ya Corinne ikaja, kali, bila salamu. "Pitisha chini ya makwapa. Funga. Nimesema funga, si kushikilia!" Russ alikuwa ameizungushia kwenye jiwe, na wote watatu wakavuta. Janelle alitokea juu kama gunia, tumbo limechubuka. Hakuna aliyempa pole. "Tembea," alisema Corinne, na wakatembea, Russ akimbeba nusu, mpaka walipopanda kwenye mwamba mpana nje ya korongo.

Hapo ndipo waliposikia mtikisiko. Chini yao maji ya kahawia, yenye povu na matawi, yalikuja yakijaza ule upenyo, yakipanda kuta kwa fujo. Mvua ilikuwa haijawadondokea hata tone. Russ alivua kofia yake, akaivaa, akaivua tena. Willa alijipenyeza chini ya mkono wa mama yake na kukaa hapo.

Corinne alikuwa anakunja kamba. Alikosea, ikambidi aanze upya.

"Ulisema mtoni," alisema.

"Nilisema."

"Tungekutafuta mtoni mpaka kesho. Kisa?"

"Kwa sababu alikwambia wewe kwanza," Janelle alisema. "Kwa sababu unamwita mwanangu. Nimekuonea wivu, Corinne. Tangu uliposhuka garini. Na mwaka jana pia."

Alitegemea mdogo wake amkumbatie, au amwambie kwamba naye ana wivu wake, wa nyumba, wa mume, wa mtoto. Corinne hakusema lolote kati ya hayo. Alimaliza kukunja kamba, akaifunga, akaitupa begani.

"Sawa," alisema. "Nionee. Lakini ukinionea wivu, nionee ukiwa kambini. Usiulete korongoni tena." Sauti ikamkatika, akageuka akatangulia kwenye baiskeli.

Siku iliyofuata Janelle hakuweza kukunja mguu. Alibaki kwenye kiti cha turubai chini ya mti, barafu ikiwa juu ya goti, huku Willa akimweleza njia watakayopita yeye na mama yake mdogo, jiwe kwa jiwe. "Na tutarudi kabla ya chakula," alisema Corinne, akimtazama machoni. Bado alikuwa amekasirika. Janelle aliitikia. Wakaondoka, na vicheko vyao vikasikika kwa muda mrefu juu ya miamba, na kila kicheko kilimfinya palepale pa zamani. Alishangaa kidogo. Alikuwa amedhani maji yale yangeuzoa na wivu ule.

Walirudi mapema. Willa aliegemeza baiskeli, akaupita moto, akampita Corinne aliyekuwa anatoa maji kwenye pipa, akaja kuchuchumaa kando ya kiti cha mama yake.

"Mama," alisema kwa chini. "Tumbo linanikata. Huwa unafanyaje?"

"Niletee lile birika," alisema Janelle. "Na soksi moja ya baba yako, iliyo safi, kama ipo."

Alimimina maji ya moto kwenye chupa, akakaza kifuniko, akaivika soksi, akamwekea binti yake chini ya kitovu na kumwonyesha jinsi ya kujikunja. Willa akafumba macho, kichwa kwenye paja la mguu mzima wa mama yake. Janelle akamwondolea nywele usoni. Kisha, ingawa aliona haya, akainua macho kutazama upande wa pili wa moto kama Corinne ameona.