Viazi vya Mwaka 1312

Eckart, mchumba wake Gesine, alikuwa mtu mwema mwenye kasoro moja: alikuwa mwenyekiti. Siku za kazi alikuwa karani wa ushuru kama karani mwingine yeyote. Jumamosi alivaa kanzu ya sufu, akajifunga kamba kiunoni, akawa mkuu wa Chama cha Mwaka 1312, watu ishirini na mmoja waliokodi malisho chini ya gofu la ngome, wakayazungushia uzio, na kuapa kwamba hakitaingia humo kitu ambacho babu zao wa mwaka huo hawakukijua. Harusi ingefanyika ndani ya uzio huo, na kwa hiyo ililetwa mkutanoni ipigiwe kura. Ndivyo tulivyo sisi watu wa nchi hii. Tukikutana saba tu, tunachagua katibu kwanza, kisha ndipo tunasalimiana.

Mambo mengi yalipita vizuri. Bibi harusi atakuja kwa gari la ng'ombe. Uma marufuku, watu watakula kwa vidole na visu. Miwani inaruhusiwa ikiwa fremu ni ya pembe au ya mti. Nyonga ya chuma ya Bibi Walburga, bibi yake Gesine, ilijadiliwa dakika arobaini, ikapitishwa kwa sababu haionekani. Ndipo wakafika ajenda ya nne, ambayo ilikuwa saladi ya viazi ya huyo huyo Bibi Walburga.

"Viazi vilivuka bahari miaka mia mbili na zaidi baadaye," alisema Trudbert, daktari wa meno mstaafu, mkuu wa Kamati ya Uhalisi. "Mtu wa mwaka 1312 akionyeshwa kiazi angekimbia."

"Basi nani alikwambia sisi tutakimbia?" mmoja aliuliza nyuma, na katibu akamwambia aombe nafasi ya kusema.

Walipiga kura. Tisa walikubali viazi, kumi na mmoja walikataa, na mwenyekiti hakupiga.

Gesine alimngoja Eckart nje ya lango. Bibi Walburga ndiye aliyemlea. Siku ya mazishi ya mama yake, Gesine akiwa na miaka sita, alikuwa hajala kwa siku mbili, na bibi alimketisha jikoni akamlisha saladi ile kwa kijiko mpaka akamaliza bakuli. Tangu hapo hakuna ubatizo wala mazishi ya ukoo ambako beseni lake la buluu la saladi halikufika.

"Mkono wako ulikuwa wapi?" alimuuliza.

"Mwenyekiti hapaswi kuegemea upande, mpenzi wangu."

"Ni harusi yako."

"Ndiyo maana. Kuna mgongano wa maslahi."

Alilisema hilo kwa uso wa mtu anayetarajia kusifiwa. Gesine alipanda baiskeli yake akaenda zake.

Bibi alizipokea habari akimenya vitunguu. "Basi mimi siji," alisema. "Niende na mikono mitupu kwenye harusi ya mjukuu wangu, kama mkaguzi? Wapeni kabichi na dengu, wavimbe matumbo."

"Bibi, usipokaa mezani, na mimi sikai. Nitamwambia na yeye."

"Kamwambie aitishe mkutano mwingine."

Mkutano wa dharura, kwa mujibu wa katiba ya chama, hutangazwa siku kumi na nne kabla. Eckart alitangaza. Zilikuwa siku mbaya. Gesine alilikunja gauni lake la kitani akalitia kabatini, na kila Eckart alipopiga simu alijibiwa kwamba wataonana kwenye ajenda. Trudbert naye hakulala. Aliandika waraka wa kurasa kumi na mbili kuhusu mizizi, akawagawia wanachama mlango kwa mlango. Bibi alitaka kitu kimoja tu, aletewe ile katiba. Aliisoma kwa kioo cha kukuzia maandishi, na alipofika kifungu cha tatu alicheka mpaka akashika nyonga.

Siku ya mkutano ilipofika, Trudbert alisimama langoni kukagua.

"Mama Walburga, una kitu chochote cha baada ya mwaka 1312?"

"Nina miaka themanini na mbili. Nilivyo navyo vyote ni vya baadaye. Sogea."

Alikwenda moja kwa moja hadi chini ya hema, akakaa kwenye kiti kirefu.

"Hicho ni cha mwenyekiti," katibu alimnong'oneza.

"Malisho haya ni ya nani?"

"Ni yako, Mama. Tumekodi kwako."

"Nisomee kifungu cha tatu."

Katibu akasoma kwamba ndani ya uzio wanachama wataishi kwa desturi na sheria za mwaka 1312.

"Haya, Trudbert, wewe ndiye msomi. Mwaka huo, mwenye ardhi alikuwa nani kwa watu wanaokaa juu yake?"

Trudbert hakuwahi kuacha swali la historia lipite. "Bwana wao," alisema.

"Na mmoja wao akitaka kuoa?"

"Sharti aombe ruhusa kwa bwana." Alijibu kwa furaha kabisa, kisha rangi ikamtoka.

"Eckart, mwanangu, omba."

Eckart alipiga goti majanini. "Bibi, naomba ruhusa ya kumwoa Gesine."

"Nitafikiri. Kwanza pigeni tena kura ya viazi vyangu. Nataka kuiona kwa macho."

Katibu aliuliza wanaokubali viazi ni nani. Wale tisa walikuwa wamesoma waraka, wakatazama viatu vyao. Gesine, aliyekuja na bibi yake, hakutazama uso wa mchumba wake, alitazama mkono wa kulia, na moyo ulimuuma kuliko alivyotarajia. Mkono haukuonekana. Ulikuwa ndani ya kanzu. Kisha ukatoka, ukapanda peke yake juu ya vichwa vyote, umeshika funguo za gari.

"Mfuko," alisema Trudbert kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Ameshona mfuko kwenye kanzu, na mwaka ule nguo hazikuwa na mifuko. Miaka yote hii."

"Mmoja anakubali, ishirini wanakataa," alisema katibu. "Hoja imeanguka."

"Andika kwamba mwenye ardhi ameitupa kura yenu," alisema Bibi Walburga. "Ninyi ni watu wangu, nani aliwapa kura? Viazi vinaingia. Na ruhusa nimetoa."

Eckart alikuwa bado amepiga goti. "Kwa hiyo vingeingia tu, hata nisingenyoosha?"

"Beseni liko kwenye gari la jirani tangu asubuhi."

"Sasa kura ilikuwa ya nini?"

"Muulize huyo," alisema bibi.

Gesine hakuulizwa. Alikuwa amekwisha kufika, akaushika ule mkono, ambao ulikuwa bado juu na funguo zake, kwa kuwa mwenyekiti hakuwa na wa kumwambia aushushe.