Pingili Sabini na Moja

Mtaa mzima ulimwita Mama Nyundo, na waliolijua jina lake la kuzaliwa walibaki wachache. Alikuwa amekula chumvi nyingi, magoti yalimlia kila akiinuka, lakini mkono wake haukutetemeka. Kwa miaka miwili mgeni aliyeingia chumba chake cha mbele alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, maana meza na viti vyote vilikuwa vimebeba kifaru cha vita.

Kilikuwa mfano wa kile kikongwe kilichosimama mbele ya jumba la makumbusho. Alikwenda kukipima kwa futi ya fundi cherehani, akaandika daftarini, kisha kila kipimo akakigawa kwa sita. Mita sita za urefu zikawa mita moja. Mwili aliukata kwenye madebe ya mafuta, mzinga ukatoka kwenye bomba la maji, na magurudumu kumi, matano kila upande, aliyachonga kwa mti mgumu akayavika mpira wa tyubu. Mfuniko wa juu ulifunguka. Ukichungulia, unaona kiti cha dereva kimechanika na kushonwa kwa uzi mweupe, kwa sababu siku kilipochanika kiti cha kifaru chenyewe uzi mweusi ulikuwa umekwisha.

Kazi iliyomtoa jasho ni minyororo. Kila pingili aliikata kwa mkasi wa bati, akaibana kwenye jiliwa, akaitoboa kwa keekee, akaiunga na mwenzake kwa njiti ya gurudumu la baiskeli. Upande wa kulia pingili sabini na mbili. Upande wa kushoto sabini na moja, na hizi za kushoto matundu yake aliyapanua kidogokidogo kwa tupa, moja baada ya moja, yawe kama yaliyochakaa.

Msimamizi wa makumbusho alipokuja kukiona, alihesabu kwa ncha ya kalamu. Akahesabu tena.

"Bibi, hapa macho yamekuchezea," alisema akicheka. "Upande huu umesahau moja."

"Sikusahau. Tuliitoa."

"Kitabu cha kiwanda kinasema sabini na mbili, kulia na kushoto."

"Kitabu kilitoka kiwandani, mwanangu. Kifaru kilitoka mikononi mwetu."

Akamweleza bila kuuma maneno. Wakati wa vita alikuwa msichana wa kuosha vipuri karakanani, yeye na wifi yake. Mafundi wanaume walikuwa wamepelekwa mstari wa mbele. Kifaru kikaletwa mnyororo wa kushoto umelegea kwa kuchakaa, kikienda hatua kumi unachomoka kwenye magurudumu. Wale wasichana wawili waligonga pini tangu asubuhi mpaka adhuhuri, wakatoa pingili moja, wakafunga. Wifi aliacha ncha ya kidole humo. Kifaru kikaondoka, kikaenda kuziba barabara kuu, na adui hakuingia mjini.

"Hadithi tamu," alisema msimamizi, "ila kwenye kumbukumbu zetu hakuna mwanamke karakanani. Na kifaru chenyewe kimezama kwenye saruji nusu gurudumu, hatuwezi kuhesabu pingili zake."

"Na waliokizamisha ni nani, si nyinyi?"

"Ongeza moja tu, bibi. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Wifi yangu atajua. Ukitaka kukiweka ukumbini, kiweke na pingili zake sabini na moja. Hutaki, kiache hapa. Ndoo ya kukalia wageni ninayo."

Msimamizi akatazama kile kiti kidogo kilichoshonwa, akameza mate. Alikitaka kifaru hicho. "Haya, bibi, iwe unavyotaka," alisema, upesi mno, na kesho yake wakaja vijana wanne na mkokoteni.

Siku ya ufunguzi Mama Nyundo na wifi yake walifika mapema, wamevaa nguo zao za kutokea. Kifaru kilikuwa juu ya jukwaa, kamba imefungwa mbele ili mgeni rasmi akivute. Kando, kwenye kibao, pameandikwa: Pingili 72 kila upande. Kilikarabatiwa na mafundi wa jeshi.

"Wifi," alinong'ona mwenzake, "mbona mguu wake wa kushoto umevaa soksi iliyolegea?"

Mama Nyundo alikwisha kuona. Katikati ya pingili zake ilikuwepo moja mpya, inang'aa, na mnyororo unaning'inia kama kamba ya kuanikia. Kabla hajafungua mdomo, mgeni rasmi akavuta. Kifaru kikaenda shubiri mbili, mnyororo ukapanda juu ya gurudumu, ukavuka, ukaanguka jukwaani. Watu wakaangua kicheko.

"Mtuwie radhi," alisema msimamizi haraka. "Kazi za wazee wetu, mnajua tena. Nia ni njema."

Hapo Mama Nyundo akapiga moyo konde, akapanda jukwaani, magoti yakilia. Akafungua mkoba, akatoa koleo na nyundo ndogo.

"Bibi, tafadhali shuka, kuna wageni."

"Ndiyo, nimewaona. Wifi, njoo unishikie hapa."

"Nishike kwa kidole kipi? Kimoja ulishakila!"

"Shika kwa hivyo vilivyobaki, maneno baadaye."

Watu wakacheka tena, ila safari hii waliacha upesi. Mlinzi alisogea, akamwona wifi amemkazia macho, akabaki alipo. Mama Nyundo aligonga njiti ya kwanza ikatoka. Akagonga ya pili. Ile pingili inayong'aa ikaanguka sakafuni, hakuna aliyeiokota. Akazivuta ncha mbili za mnyororo, zikakutana barabara, akapitisha njiti, akaikunja mwisho kwa koleo.

"Vuta, baba," alimwambia mgeni rasmi.

Akavuta. Kifaru kikaenda jukwaa zima, minyororo yote miwili ikizunguka kwa mlio wa vijiko droo ikifunguliwa, mpaka ukingoni. Mnyororo haukutoka.

Msimamizi akaanza kupiga makofi, ili wengine wafuate na mambo yaishe. Mama Nyundo akainua mkono.

"Makofi yangoje. Lete kalamu uliyohesabia."

Akaileta. Msimamizi akainama kwenye kile kibao, jasho linamtiririka, akakata 72 kila upande, akaandika 72 kulia, 71 kushoto.

"Na waliotoa pingili?"

"Bibi, hilo mpaka kikao..."

Mama Nyundo akavuta kiti cha mgeni rasmi, akakaa, mkoba mapajani. Wifi akasimama nyuma yake, mkono wenye kidole kifupi begani mwa mwenzake. Mgeni rasmi mwenyewe hakuomba kiti chake.

"Kaa na kikao chako hapohapo," alisema Mama Nyundo. "Sisi hatuna haraka."

Msimamizi akainama tena kwenye kibao, akaanza kuandika.