Bado, Geuza Kidogo

Wacha nikuambie kitu kuhusu eriali ya televisheni, ile mifupa ya aluminiamu inayokaa juu ya paipu. Ukiifunga vizuri, huitwi tena. Ukiifunga vibaya, unaitwa kila wiki. Mwaka wa themanini na tisa niliifunga ya Mzee Ogola vibaya kwa makusudi, na mpaka leo nikiona paipu nyuma ya nyumba ya mtu, nabadilisha njia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Jina langu Ouma. Nilikuwa najifunza ufundi wa redio kwa Walubengo, kwenye kibanda karibu na soko la Kibuye, na kwetu ni Kaloleni, zile nyumba za baraza la mji. Mlango wa tatu kutoka kwetu aliishi Mzee Ogola, karani wa bandarini, mtu wa tai na kanisa. Alikuwa na sheria moja iliyojulikana mtaa mzima: kijana haingii kwake bila kazi. Kusalimia si kazi. Kuazima jembe si kazi, maana hakuwa na jembe. Na alikuwa na binti, Beldina, wa kidato cha nne. Sasa unaelewa shida yangu.

Aliponunua televisheni aliniita mimi. Nilisimamisha paipu nyuma ya nyumba, nikaishikiza ukutani kwa kishikizo, na ile nati ya kishikizo nikaiacha nusu raundi haijakazwa. Upepo wa ziwa ukivuma alasiri, paipu inazunguka yenyewe taratibu. Ikifika jioni, picha imeisha, chengachenga tupu. Hapo Mzee Ogola anasema, "Muiteni yule kijana wa Walubengo."

Beldina nilimwambia siri hiyo tukiwa kwenye mfereji wa maji. Alicheka mpaka akaweka ndoo chini.

"Usije ukaikaza, Ouma," akasema. "Ukiikaza nitakuona wapi?"

Maneno hayo niliyabeba wiki nzima. Niliuza betri za redio nikitabasamu kama mtu aliyepata kazi ya serikali.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni kulikuwa na ule mchezo wa wanafunzi, mapenzi ya shuleni, uliofanya Kaloleni nzima iwe kimya. Msichana aliitwa Wamaitha, kijana aliitwa Walter. Walter anampenda Wamaitha kufa, na Wamaitha anamzunguka na rafiki yake Walter mwenyewe. Watu walikuwa wanamtukana Wamaitha kama ni jirani. Beldina ndiye alikuwa mkali kuliko wote. "Msichana gani hana aibu hivi," alikuwa anasema, machozi yakimlenga. Nami nilijiambia, huyu ana moyo, huyu hawezi kumfanyia mtu hivyo.

Wiki za kwanza mambo yalikwenda sawa. Nageuza paipu, Beldina anachungulia dirishani ananiambia imekuja, naingia, napewa chai na kigoda karibu na mlango. Mzee yuko, mama yuko, dani wao yuko, yaani nyanya yake Beldina, macho hayaoni mbali na pua iko karibu kugusa kioo. Mimi na Beldina tunatazamana juu ya vichwa vyao. Basi. Hilo lilinitosha.

Kisha Mzee Ogola akaona si heshima binti yake kutoa kichwa dirishani akimpigia kijana kelele, majirani watasema nini. "Leta mwenzako akuitie," akaniambia. "Binti yangu si kuli wa bandarini."

Nikamleta Mureithi. Mimi. Kwa miguu yangu nilienda dukani kwa baba yake, Mzee Zacchaeus, nikamtoa nyuma ya kaunta nikamwambia twende, unisaidie. Mureithi alikuwa rafiki yangu tangu darasa la tatu. Shati lake lilikuwa na pasi, langu lilikuwa na madoa ya risasi ya kulehemu. Hata hilo sikulifikiria. Ukipenda, akili inakwenda likizo.

Kazi yake ilikuwa ndogo: kukaa ndani atazame kioo, aniitie picha ikija. Mimi nyuma ya nyumba siwezi kuona kitu, dirisha la sebuleni liko ubavuni. Jumamosi yake ya kwanza nilikaa nje dakika kumi. Ya pili, robo saa. Mwezi ukiisha nilikuwa nakaa nje mpaka wimbo wa mwisho.

"Imekuja?" nauliza.

"Bado, geuza kidogo."

"Sasa?"

"Ilikuja ikapotea. Rudisha upande wa Dunga."

Nageuza upande wa Dunga, kule ziwani, upana wa kidole. Nageuza upande wa kilima cha Riat, kidole kingine. Mbu wananila, shingo imekakamaa, na ndani nasikia Walter akimbembeleza Wamaitha. Mchezo mzima niliujua kwa masikio. Na siku hizo Mzee Ogola alikuwa amechaguliwa kamati ya kanisa, Jumamosi harudi mpaka karibu saa moja, mama yuko Dunga akinunua samaki. Ndani wamebaki Beldina, Mureithi na dani. Sasa hivi unaniona mjinga. Sema tu. Mimi wakati huo nilikuwa nawaza waya.

Nilibadilisha waya mara mbili. Nikabadilisha plagi. Nikasugua ile mifupa kwa msasa. Fundi gani huyu, nilijiuliza, anashindwa na kitu alichokiharibu mwenyewe? Usingizi ulikuwa unanipaa. Beldina nikimkuta mferejini ananipa moyo: "Pole, Ouma. Jitahidi tu." Akaniahidi kitu. Mchezo ulikuwa unakaribia mwisho, na akasema siku ya mwisho niikaze kabisa mapema, niingie, nikae naye kwenye kochi tutazame pamoja. Si kwenye kigoda. Kwenye kochi, kando yake, na baba yake akirudi anikute pale, nimwambie ninachotaka kumwambia.

Hicho tu ndicho nilikuwa nataka duniani. Kiti kando ya Beldina, na Mzee Ogola aniulize nimekuja kufanya nini, nami niseme ukweli.

Nilienda kwa Walubengo nikiwa nimechoka. Nikamweleza yote kasoro ile nati. Alinisikiliza huku akilehemu redio ya mtu, hakuinua kichwa.

"Hiyo picha mbaya," akasema, "wewe umeiona?"

"Naambiwa."

"Sikukuuliza unaambiwa. Nimekuuliza umeiona."

Nilikasirika naye siku nzima, nikamwona mzee mwenye roho mbaya. Lakini lile swali lilikaa ndani kama mwiba wa samaki kooni.

Jumamosi ya mwisho ikafika. Nilikuja saa kumi na moja na nusu, nimeoga, spana mfukoni, nimevaa shati la kaka yangu. Nikageuza paipu mpaka pale ninapojua kwa hesabu zangu zote stesheni iko. Mchezo ukaanza.

"Imekuja?"

"Bado, geuza kidogo," Mureithi akaita.

Nikaachilia paipu. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikaweka mikono mfukoni. Sikugusa kitu.

"Hapo?"

"Bado. Kidogo tena."

Nikachomoa waya kabisa.

Hapo ndipo nilisikia sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu televisheni iingie nyumba ile. Dani alipiga ukelele kama ameibiwa ng'ombe. "Osetho!" Imekufa, anasema. Imekufa. Miezi yote hiyo Mureithi akiita bado, bado, yule mama mzee hakuwahi kulalamika hata siku moja. Kwa nini alalamike? Alikuwa anaona.

Nikarudisha waya. Dani akanyamaza. Na Mureithi, bila haya, akaita: "Bado, Ouma. Geuza upande wa Riat."

Nilizunguka kona ya nyumba nikasimama kwenye dirisha. Picha ilikuwa safi. Safi mpaka vifungo vya shati la Walter unahesabu. Ndiyo mara yangu ya kwanza baada ya muda mrefu kumwona Wamaitha uso. Nilikuwa nimesahau ana mwanya. Dani pua kwenye kioo. Na kwenye kochi, mahali pangu, amekaa Mureithi na mkono wa Beldina uko mapajani mwake, umezoea, kama mkono uliokaa hapo Jumamosi nyingi. Beldina hakuondoa macho kwenye mchezo. Alikuwa analia kwa ajili ya Walter. Alimgusa Mureithi kiwiko, akasema polepole, lakini nilimsikia:

"Mwambie bado."

Yeye. Si Mureithi. Mureithi alikuwa mdomo tu.

Ningeingia nivunje kitu. Nilitaka, Mungu anajua. Lakini nikiingia nitasema nini? Nimwambie Mzee Ogola binti yako anakaa na kijana, aniulize huyo kijana aliingiaje, na picha iliharibikaje? Kila neno nililokuwa nalo lilikuwa linarudi kwenye ile nati. Walinifunga kwa kamba yangu mwenyewe, wakanipa mwisho wake nishike.

Nikarudi nyuma ya nyumba. Nikapanda juu ya pipa, nikatoa spana, nikaikaza ile nati. Niliikaza mpaka mkono ukauma, nikaongeza nusu raundi. Nikaweka nati ya pili juu yake. Mureithi akawa bado anaita geuza, geuza.

Mzee Ogola alirudi wimbo wa mwisho ukipigwa, akanikuta mlangoni. Mureithi alikuwa amesharuka kwenye kochi amesimama karibu na dirisha, mikono nyuma kama mwanakwaya.

"Mzee, imepona," nikasema. "Haitasumbua tena."

Alienda mwenyewe kutikisa paipu. Akarudi ameridhika, akanishika bega. "Kazi safi, Ouma. Sasa ndiyo naona wewe ni fundi." Kisha akamgeukia Mureithi. "Na wewe kijana wa Zacchaeus, kazi yako ilikuwa kuita. Sasa utakuwa unaita nini? Asante, nenda salama."

Tulitoka pamoja mimi na Mureithi, yeye akashika njia ya dukani, mimi ya kwetu. Kabla sijatoka Beldina alikuwa amenitazama, na nilijua amejua kwamba nimewaona.

Jumanne akaja kibandani na sare ya shule. Walubengo akamwona, akachukua kikombe chake akaenda kutafuta chai ambayo hakuitaka.

"Najua umekasirika," Beldina akasema.

"Sijakasirika." Nikaendelea kukata waya ambao haukuhitaji kukatwa.

"Dani anakusalimia."

"Mwambie nimepokea."

Akachezea vifungo vya redio iliyokuwa mezani. Kisha akasema kwa ile sauti ya mferejini, ile iliyonifanya nitabasamu wiki nzima: "Ouma, ile nati. Huwezi kuilegeza? Nusu tu. Kama zamani."

Na moyo wangu, sikufichi, ukaruka. Baada ya yote niliyoona kwa macho yangu, bado ukaruka. Nilidhani ananitaka nirudi.

"Ili nije?" nikamuuliza.

Akainamisha kichwa. "Uje, ndiyo, utengeneze," akasema. "Na Mureithi aje aite."

Nilimwambia nimeikaza, na haitalegezwa na mimi. Akaanza kulia pale pale, machozi ya kweli, yanadondoka kwenye sare. Miezi minane nilikuwa namtamani huyu msichana anililie. Alikuwa analia vizuri kuliko Wamaitha, na hakuna chozi hata moja lililokuwa langu. Nilitaka kumfuta, lakini mikono yangu ilikuwa na grisi. Akaenda zake.

Ungedhani yaliishia hapo, mtu mwenye akili angeyaacha hapo. Jumamosi iliyofuata, saa kumi na mbili na ushei, miguu ilinipeleka nyuma ya nyumba ya Mzee Ogola. Nilisimama pale pangu, nikashika paipu. Haikusogea hata unywele. Ndani walikuwa wamewasha, mchezo mwingine mpya umeanza, dani anacheka peke yake.

Nikangoja kidogo. Picha ilikuwa nzuri. Hakuna aliyeniita.