Maji Yasiyobeba Kitu

Maji yalikuwa yameshuka vidole viwili chini ya mstari, na Emerance aliyatazama kama mtu anavyotazama sufuria ya jirani. Mstari huo ulichorwa na binti yake Claire kwenye kioo kwa rangi nyekundu ya kucha, ukipanda kidogo upande wa kulia kwa sababu mchoraji alikuwa na miaka tisa na haraka nyingi. Chini yake, ndani ya sanduku la kioo lililokula nusu ya sebule, matumbawe yalikuwa yamefunguka: vidole vidogo vya waridi, mamia kwa mamia, vikipunga huku na huku. Samaki wawili wa rangi ya chungwa walipita katikati yao. Claire alikuwa amefariki mwezi wa tatu. Huu ulikuwa mwezi wa saba, kiangazi kikali, na kila siku hewa ya mji wa Kindu ilikunywa maji ya sanduku kidogo.

Bahari ndani ya nyumba ya mtaa wa Kasuku si jambo la kuachwa bila maelezo. Aliyeianzisha ni Mgiriki mmoja muuza vitambaa, aliyeagiza mawe hai na samaki kwa ndege kutoka Mombasa, zama zile ambapo mwenye fedha aliweza kuagiza hata upuuzi. Serikali ilipotangaza kwamba maduka ya wageni sasa ni ya wananchi, alipewa muda mfupi wa kufunga virago. Mwananchi aliyepewa duka hakuwa na haja na samaki wasiolika. Claire, aliyekuwa akienda kila alasiri kuwachungulia, ndiye aliyeachiwa kila kitu: kioo, pampu, magunia ya chumvi ya bahari, na chujio refu lenye punje za manjano ambamo maji ya bomba yalipita yakatoka matupu kabisa. Mgiriki alimfundisha kwamba chumvi haipai hewani, maji ndiyo yanayopaa; basi kinachoongezwa lazima kiwe maji yasiyobeba kitu. Claire alilirudia neno hilo nyumbani mpaka wazazi wake wakamwomba anyamaze.

Sasa punje za chujio zilikuwa zimegeuka kahawia. Chujio lilikuwa limechoka, na duniani hapakuwa na duka la kununua jingine ambalo barua ya mtu wa Kindu ingelifikia.

Emerance hakuwa na huzuni. Alilijua hilo na halikumsumbua. Kilio kilikuja kikapita, akina mama wa kanisa waliimba hadi sauti zikawakauka, naye alikaa juu ya mkeka na macho makavu akihesabiwa kuwa jasiri. Tangu hapo chakula kilikuwa chakula na jua lilikuwa jua. Alijua jambo moja tu: matumbawe yale yakifa, Claire atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii ndani ya nyumba, mikononi mwao. Mumewe alilijua pia, ingawa hawakuwahi kuambiana.

Mumewe, Kitenge, alikuwa karani wa mizigo kituo cha reli. Zamani aliitwa Florentin, mpaka chama kilipowavua watu majina ya ubatizo, yakabaki kwa wanawake na watoto uani, na kila mtu akawa citoyen, yaani mwananchi. Majirani walimwita Baba Claire, na bado walimwita hivyo, kwa kuwa hakuna aliyejua la kumwita badala yake. Jumamosi moja alirudi kutoka salongo, ile kazi ya umma ya kufyeka barabara, mikono ingali na udongo, akasimama mbele ya kioo.

"Mama Claire, maji iko inapunguka."

"Naona."

"Tufanye namna gani?"

"Sijui."

Alivuta kiti, akaanza kupanga njia moja moja kama anavyopanga magunia. Maji ya bomba yalinuka dawa. Yangewaua samaki kabla ya jioni. Mvua haingenyesha kabla ya mwezi wa tisa, na hata ingenyesha, ingepitia bati lenye kutu. Duka la dawa lilikuwa na maji safi ya sindano, katika vichupa vya ukubwa wa kidole.

"Lualaba," Emerance alisema. "Tuchote katikati ya mto, tuchemshe, tupitishe kwa muchanga na makala ya jiko. Masista walitufundisha vile."

Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote kwa wiki kadhaa, na wote wawili walishtuka kuisikia.

"Kuchemsha inaua wadudu," Kitenge alijibu polepole. "Haitoe ile iko ndani ya maji. Ule mto unabeba udongo tangu kule Katanga. Lakini mvuke, mvuke haubebe kitu. Tuende kwa Euphrasie, atupikie maji, tukamate mvuke. Weye unaona je?"

Euphrasie, jirani wa nyuma, alipika lutuku, pombe kali ya mahindi na muhogo. Polisi wote wa mtaa waliijua biashara yake na walikunywa pombe yake, na hiyo ndiyo iliyokuwa leseni yake. Alikuwa na pipa, na mrija wa shaba uliozungushwa ndani ya beseni la maji baridi ili mvuke ugeuke matone.

"Fanya unavyoona," Emerance alisema.

Maneno hayo aliyasema pia mwezi wa tatu. Homa ya Claire ilipopanda, njia zilikuwa mbili: kumvusha mto kwa mtumbwi hadi zahanati ya misheni, au kumngoja daktari aliyekuwa njiani kutoka Pangi na dawa. Kitenge alimuuliza mkewe, naye akajibu hivyohivyo. Kitenge akaona wangoje. Gari la daktari lilizama kwenye matope, na lilipofika mjini hapakuwa na mgonjwa tena.

Kesho yake asubuhi Euphrasie alilisugua pipa kwa mchanga mpaka likang'aa, huku akicheka peke yake.

"Maji tu? Tangu nizaliwe sijaona muntu anapika maji ili apate maji!"

Moshi ulipopanda, alitokea Bulaimu, fundi cherehani Mwislamu ambaye ua wake ulipakana na wa Euphrasie. Alikuja amevaa kanzu ya kwenda msikitini, na mahubiri yalikwisha kuwa tayari mdomoni.

"Citoyen Kitenge! Hata weye? Mutoto hajamaliza mwaka kwenye udongo, na weye uko kwa pipa ya lutuku?"

Kitenge alikinga kikombe chini ya mrija, akampa. Bulaimu alinusa, akanusa tena, akagusisha ncha ya ulimi.

"Haina ladha."

"Njo vile tunataka."

"Maji bila ladha! Mungu hakuumba maji namna hii." Halafu akawatazama usoni, mmoja baada ya mwingine, na sauti ikamshuka. "Njo ya wale samaki ya Claire?"

"Njo ya wale."

Bulaimu aliikunja kanzu yake, akachuchumaa, akaanza kusukuma kuni motoni. Alikaa hapo mpaka adhana ilipomwita. Emerance aliona kwamba ule ulikuwa wema, akaona pia kwamba kuni zilikuwa mbichi, na mambo hayo mawili yalikuwa na uzito sawa kwake.

Walijaza mpaka kwenye mstari mwekundu. Siku za mwanzo hakukuwa na neno. Kisha vidole vya waridi vikaanza kuchelewa kufunguka asubuhi, kisha vikawa vinafunguka nusu. Kitenge alisema maji ya zamani yamechafuka. Alitoa ndoo nzima, akachanganya chumvi na maji mapya ya kwa Euphrasie, akamimina taratibu kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Vidole vikajikunja zaidi. Akatoa ndoo nyingine. Kadiri alivyoyaosha ndivyo yalivyofunga, na kadiri yalivyofunga ndivyo alivyoyaosha. Kilichowachanganya ni samaki, waliokuwa wakila kwa pupa na kufukuzana kama siku zote.

"Kama maji iko mubaya, juu ya nini hawa wanakula?" Kitenge aliuliza.

Alianza kutoroka kazini saa sita kuja kuangalia. Shati la abakosi, vazi la chama lisilo na tai, likaanza kumpwaya shingoni. Mabaka meupe yalitokea kwenye matumbawe, kwanza pembeni, halafu juu. Emerance alimtazama mumewe akipiga magoti mbele ya kioo, ndipo akatambua kwamba yeye mwenyewe anangoja. Alikuwa anangoja yafe, ili mwishowe apate la kumwambia mwanamume huyu. Wazo hilo lilimshtua, lakini si sana.

Alasiri moja alikwenda kurudisha dumu. Alimkuta Euphrasie ameufungua mrija na kuukamulia ndimu ndani. Aliuinua upande mmoja, na maji yakamwagika vumbini yakiwa ya kijani, kijani kilichokaribia buluu.

"Nini ile?"

"Uchafu ya shaba. Inatokaka vile. Ulevi ya kwanza tunamwangaka inje, juu ya ile uchafu." Euphrasie aliupuliza mrija, akachungulia ndani. "Lakini yenu ilikuwa maji tu, mama. Nani anamwanga maji?"

Emerance alikitazama kidimbwi kile cha kijani kikinywewa na ardhi. Alikumbuka bangili ya shaba ambayo Claire alipewa na bibi yake wa Kailo. Kila alipotaka kutia mkono ndani ya sanduku, mtoto aliivua kwanza, akaitundika msumarini, akaukausha mkono kwa gauni. Emerance alidhani anailinda bangili isiharibiwe na chumvi. Alimsifu hata mbele ya wageni kwamba ana mtoto mtunzaji. Kumbe kilichokuwa kikilindwa siyo bangili, na hakuna aliyemuuliza.

Alirudi nyumbani bila haraka. Kitenge alikuwa amekunja mikono ya shati, ndoo nyingine tayari pembeni yake. Ndani ya kioo matumbawe yalikuwa meupe yote, yametulia kama mawe ya barabarani.

"Acha," Emerance alisema.

"Juu ya nini?"

"Iko shaba ndani ya ile maji. Inatoka ku mrija ya Euphrasie. Samaki wanavumilia, mawe haivumilie."

Kitenge hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliishusha ndoo chini kwa uangalifu, asimwage hata tone, kana kwamba bado yalikuwa na thamani.

"Kumbe njo mie."

"Njo weye."

Hilo ndilo neno alilolingoja. Lilitoka, na likawa jepesi, halikumpa kitu. Kitenge aliitikia kwa kichwa. Aliendelea kukitazama kioo, na alipouliza tena sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Na Claire?"

Jibu la swali hilo alikuwa nalo tangu mwezi wa tatu, limenolewa, na lilikuwa neno lilelile. Alifungua kinywa alitoe. Alimwona Kitenge wa siku ile, amesimama mlangoni na mtoto begani, akimuuliza: mto, au tungoje?

"Claire, sijui," alisema. "Uliniuliza mie. Mara zote mbili uliniuliza."

Kitenge alianza kulia. Alilia vibaya, kwa mikwamo, kama mtu asiyejua inavyofanywa. Emerance hakumshika. Alisimama palepale na kitu kikamwuma chini ya mbavu, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu mpaka akaegemea meza. Samaki wawili walikuja mbele ya kioo na kufungua vinywa, maana saa yao ya kula ilikuwa imepita.

Baada ya kitambo mumewe alijifuta uso kwa kiganja.

"Hawa wawili," alisema, "tuwape maji gani?"

Fanya unavyoona. Maneno yalikuja yenyewe mpaka kwenye meno. Aliyazuia, na kuyazuia kulimtoa jasho.

"Ya mto. Tuchemshe, tupitishe kwa makala."

"Na wakikufa?"

Aliogopa. Ilikuwa hofu kamili, kwa ajili ya samaki wawili wasiolika.

"Wakikufa, mie njo nitakuwa niliwaua," alisema, akayamwaga yale maji ya ndoo uani, akashika njia ya mtoni.