Kiwanja cha Baadaye

Saa nne na robo asubuhi mchoraji mkuu wa kituo cha umeme alikuwa akichonga penseli juu ya gazeti. Mlinzi wa lango la nyuma akampigia simu kumwambia kwamba moshi umeshuka na umekaa kwenye kile kiwanja kitupu. Mchoraji alitaka kujua ni moshi kiasi gani. Mlinzi akasema kwa sasa ni mmoja tu, ila kuna mwingine unaning'inia kwenye ngazi ya dohani, na kwa anavyouona, nao uko njiani.

Mchoraji alimaliza kuchonga, akakunja gazeti pamoja na taka zake, akaenda kuangalia.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane. Ofisini walimwita Mama Mistari, kwa sababu wenzake wote walikuwa wamehamia kwenye kompyuta na yeye bado hakuachana na rula. Kiwanja kile kilikuwa kazi ya mkono wake. Miaka sita nyuma, kituo kilipokuwa bado karatasi, wakubwa walipewa sharti: kibali cha kuchoma makaa ya mawe hakitoki mpaka michoro ionyeshe mahali ambapo siku moja itawekwa mashine ya kunasa hewa ya ukaa kabla haijapanda angani. Mashine yenyewe haikudaiwa. Kilichodaiwa ni nafasi yake.

Mama Mistari akaichora. Nyuma ya dohani aliacha kiwanja cha mita tisini kwa mia na ishirini. Kwenye bomba kubwa linalopeleka moshi dohani aliacha tawi lisilokwenda popote, likazibwa kwa bamba la chuma lenye bolti thelathini na mbili. Katika chumba cha kuongozea mitambo aliacha ukuta mtupu wa swichi za baadaye. Hata choo cha mafundi wa mashine hiyo alikitengea mahali pake, upande ambao upepo hauelekei jikoni. Katika miaka thelathini ya kazi hakuwahi kuchora kitu ambacho hakikujengwa, na hilo alilijua vizuri, ingawa hakulisema.

Siku ya uzinduzi, ambayo ilikuwa Ijumaa, meneja alisimama chini ya dohani na kipaza sauti akasoma maneno yaliyokuwa kwenye mchoro: eneo hili limetengwa kwa ajili ya hewa ya ukaa. Wageni wakapiga makofi. Boila lilikuwa limeshawashwa tangu alfajiri, kwa hiyo dohani nayo ilikuwa na wasikilizaji wake. Moshi wa Ijumaa ulipolisikia tangazo ulikuwa umeshafika mbali. Kugeuka na kurudi kuliuchukua siku nne.

Ndio huo uliokuwa umejikunja kwenye kona ya kiwanja. Ulikuwa na kimo cha mtu mrefu na rangi ya maji yaliyofuliwa soksi, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mafua. Mlinzi, ambaye wote walimwita Filimbi, alikuwa amekwisha kuuhoji. Moshi umeambiwa kuna nafasi, alieleza, ndiyo maana umekuja.

"Na haujasumbua," aliongeza. "Umefika, umesalimia, umekaa."

Kufikia wiki iliyofuata ilikuwa mioshi arobaini na mmoja. Filimbi alikata mfuko wa saruji vipande vipande, akaandika namba na kuigawia, kwa sababu alichukia vurugu. Hata hivyo haikukosa vurugu ndogo ndogo. Moshi wa Jumatano uliweka jiwe kushika nafasi yake, ukaenda kwenye lundo la makaa kuwajulia hali jamaa zake, na uliporudi ukakuta jiwe limesogezwa nyuma nafasi tatu. Ukanuniana na jirani zake mpaka jioni. Siku nyingine moshi mweusi wa jenereta ulijipenyeza katikati ukijifanya haujui kinachoendelea. Filimbi aliupigia filimbi, akauambia wewe ni wa dizeli, hapa ni makaa tu. Ukaondoka ukinung'unika kwamba siku hizi kila kitu ni kwa kujuana.

Nyumbani Mama Mistari aliishi na mama mkwe wake, bibi wa miaka themanini na mbili aliyekuwa karani wa mapokezi hospitalini kwa miaka thelathini na mmoja. Walikuwa wanakunywa chai alipomsimulia habari ile. Bibi aliuliza kama wagonjwa wamepewa namba.

"Si wagonjwa, mama. Ni moshi."

"Namba wamepewa?"

Mama Mistari akasema wamepewa. Bibi akauliza kama kuna mabenchi. Akaambiwa hakuna. Akatikisa kichwa, akasema hiyo ni kutesa watu, kisha akapuliza chai yake na kuuliza swali lililobaki.

"Na daktari yupo?"

"Hayupo."

"Atakuja?"

Mama Mistari aliinuka akakusanya vikombe, na kimoja kilikuwa bado na chai. Mama mkwe alimwangalia mpaka akaingia jikoni. Alikuwa amekaa kwenye dirisha la mapokezi muda mrefu wa kutosha kulijua jibu la namna hiyo.

Kesho yake Mama Mistari alikwenda kwa afisa ununuzi kuuliza mashine ya kunasa imefikia wapi. Afisa alikuwa mtu mwema, akatafuta bila kulalamika. Nyuma ya kabati alipata faili lenye jina la mashine hiyo, jipya kabisa, na ndani yake karatasi moja tu. Ilikuwa fomu ya kuombea faili. Afisa akaieleza kwa upole: hakuna aliyewahi kuiagiza mashine, wala kumwandikia anayeitengeneza, wala kuuliza nani anaitengeneza. Mama Mistari akamshukuru, akarudi mezani kwake, na siku hiyo hakuchora kitu.

Aliyehangaika zaidi alikuwa meneja. Alhamisi angekuja mkaguzi kuangalia kama kituo kinastahili kibali cha boila la pili, na sharti lilisema wazi kwamba kiwanja cha mashine kisikaliwe na kitu chochote. Sasa kilikuwa kimekaliwa hadi kwenye uzio. Meneja alileta mapangaboi mawili makubwa ya kupozea injini, yakawashwa kwa saa mbili nzima. Mioshi ilishikana mikono mpaka yakazimwa. Halafu ikakaa tena kwa mpangilio uleule, na namba kumi na saba ukauliza kwa adabu kama hiyo ndiyo ilikuwa huduma yenyewe.

Meneja akamwita Mama Mistari ofisini, akamwambia kwa kuwa mwaliko ni wake, kuwaondoa wageni nako ni kazi yake. Yeye akamkumbusha ni nani aliyeusoma kwenye kipaza sauti. Meneja akasema yeye alisoma tu.

Basi Jumatano saa tisa mchana Mama Mistari alivaa kofia ya chuma, akachukua kiti cha plastiki, akaenda kiwanjani. Aliketi mbele ya moshi wa Ijumaa, uliokuwa na namba moja. Mingine yote ikasogea kusikiliza. Njiani alikuwa ametunga maneno ya kuzunguka zunguka, ya taratibu zinaendelea na subira yavuta heri, lakini alipoitazama ile namba iliyokatwa kwenye mfuko wa saruji, jinsi moshi ulivyoishika isipeperuke, maneno hayo yalimkaukia.

"Mashine haipo," alisema.

"Tunaona haipo," moshi ulijibu. "Tunasubiri ije."

"Haiji. Hakuna aliyeiagiza. Mimi nilichora mahali pake, na nilidhani mtu anayeomba mahali pa kitu anakitaka hicho kitu. Nisameheni."

Moshi ulilitafakari jambo hilo. Nyuma yake ulipita mnong'ono wa habari kupelekwa mkiani.

"Lakini nafasi ipo, mama?"

"Nafasi ipo."

"Basi tutakaa."

Mama Mistari aliwasihi wasijisumbue. Akasema kama wangependa kupanda waende zao, hakuna atakayewalaumu, ndivyo mioshi yote ya dunia inavyofanya. Moshi wa Ijumaa ukakohoa kidogo kabla ya kujibu.

"Juu mimi nimefika. Kumejaa. Kuna wazee huko wa tangu enzi za garimoshi, wamekaa kifua wazi, hawasogei hata ukiwaamkia. Na joto. Tuliposikia huku chini kuna mahali petu penye vipimo, hata choo kimefikiriwa, tulisema angalau yuko mtu mmoja aliyetuwaza."

Mama Mistari alikuwa amefiwa na mume bila kulia mbele za watu. Pale aliivuta kofia ya chuma mpaka usoni akaiacha hapo kwa muda, na mioshi ikageukia upande wa pili kumsitiri. Alipoondoka alikiacha kiti. Kulikuwa na moshi wa Jumapili, mzito kidogo, ambao ulikuwa umesimama siku kumi.

Kwa meneja alitoa taarifa fupi: ameongea nao, wameelewa, hawaondoki.

Mkaguzi alifika Alhamisi na fomu yenye maswali tisa na utepe wa kupimia. Alikuwa kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni. Alihesabu bolti za bamba la chuma, zikatimia thelathini na mbili. Akaukagua ukuta mtupu, akaugonga kwa kidole, akauona ni mtupu kweli. Kiwanjani aliomba njia mara kadhaa ili apitishe utepe, na mioshi ikainua miguu. Swali la sita lilimchukua muda: je, eneo liko wazi? Aliuliza kama hawa wageni ni jengo. Meneja akasema si jengo. Akauliza kama ni mtambo, gari, au malighafi iliyohifadhiwa. Si chochote kati ya hivyo. Mama Mistari, aliyekuwa ameshika upande wa pili wa utepe, akaona ni wakati wa kusema.

"Ni hewa ya ukaa," alisema. "Inasubiri kunaswa. Na mashine haitakuja, nimehakikisha."

Mkaguzi alimsikiliza kwa heshima yote, kama mtu anavyomsikiliza shangazi yake. Kisha akaipitia fomu juu hadi chini, na nyuma pia. Hakukuwa na swali kuhusu mashine. Katika swali la sita akaandika kwamba nafasi ipo, na imeanza kutumiwa na walengwa. Kwenye maoni ya jumla aliongeza kuwa hajawahi kuona kituo ambacho walengwa wake wana ushirikiano kama huu.

Kibali cha boila la pili kilitoka baada ya siku tisa. Barua ilisema kwamba idadi ya wanaosubiri inaonyesha mahitaji ni makubwa, hivyo kituo kitenge kiwanja cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza.

Meneja mwenyewe aliileta barua kwenye meza ya michoro, pamoja na soda. Mama Mistari alimwambia hatachora. Meneja akasema ni sawa, basi atampa kijana mmoja wa michoro ya kompyuta, ambaye bado hajui choo kinakaa upande gani wa upepo. Alitaja hilo bila hila yoyote, akaondoka. Mama Mistari alikaa akiitazama karatasi nyeupe mpaka soda ikaisha gesi. Halafu akachora, kwa sababu mioshi ingetoka tu, kiwanja kiwepo kisiwepo, na akina namba moja walikuwa wamebanana. Mara hii aliongeza paa, mabenchi manne marefu ambayo mama mkwe alisisitiza yawe na pa kuegemea, na sehemu ya kutundikia namba.

Kwenye kona ya chini ya mchoro, pale panapoandikwa matumizi ya eneo, hakuandika maneno ya safari ile. Aliandika kwa herufi kubwa, kwa wino: HAPA HAKUNA KITAKACHOJENGWA. MOSHI USIDANGANYWE.

Mchoro ulikwenda kwa meneja, akautia sahihi. Ukaenda wizarani, ukapigwa muhuri mara tatu, mmoja wa mihuri ukiwa juu ya neno USIDANGANYWE, na ukarudi umepitishwa bila marekebisho. Siku ya uzinduzi wa pili meneja alisimama chini ya dohani mpya, akayasoma maneno yale kwa kipaza sauti mpaka nukta ya mwisho, kwa sauti ileile ya mara ya kwanza. Watu wakapiga makofi. Mama Mistari alikuwa safu ya tatu pamoja na mama mkwe wake. Bibi akamuuliza kama amesikia vizuri au masikio yake yamezeeka, akajibiwa kwamba amesikia vizuri.

Boila la pili liliwashwa saa tano. Moshi wake ulitoka mdomoni mwa dohani, mwembamba, ukasimama hewani kama mgeni anayetafuta namba ya nyumba. Haukupanda. Ulishuka taratibu kando ya ngazi, ukapita juu ya vichwa vya wageni waalikwa, ambao walishika kofia zao, ukaingia kwenye kiwanja kipya. Ulizunguka benchi moja hadi jingine, ukasoma kibao kilichoandikwa maneno ya Mama Mistari kutoka mwanzo hadi mwisho, ukatulia.

Kisha ukamwendea Filimbi na kumwuliza foleni inaanzia wapi.