Nywele Ndani ya Nta

Msinifundishe habari za baragumu mimi. Miaka thelathini nimelipuliza, na meno ya mbele yameishia humo humo.

Kila masika, kabla ng'ombe wa kijiji hawajatolewa mazizini, nakata kishungi cha manyoya ya kila mmoja, nakikandia kwenye nta, na nta naifunga chini ya gome la mti linalozunguka baragumu langu. Basi. Mwenye nywele humo akisikia sauti, atarudi, hata awe katikati ya msitu. Mtu mwingine haruhusiwi kuligusa mpaka theluji ianguke. Hata marehemu mke wangu hakuligusa, na yule mwanamke alikuwa hakatazwi kitu!

Mwaka mmoja, jioni moja, nilipuliza kama kawaida. Ng'ombe wakaja, wakafika lango la kijiji, wakasimama. Nikatukana, nikapiga fimbo. Wapi! Wamekodoa macho nyuma yangu. Nikageuka. Ukingoni mwa msitu alisimama Lavr, mtoto wa marehemu kaka yangu, na nywele zake nyekundu, maji yanamchuruzika. Lavr huyo huyo aliyeondoka na wasafirisha magogo, mbali kule mto unakoteremkia.

"We mtoto, umerudi lini?"

Kufumba na kufumbua, hayupo. Ng'ombe wakaingia.

Jioni ya pili, vilevile. Siku ya tatu zikaja habari: Lavr aliteleza kwenye magogo, akazama, mwili haukuonekana. Mama yake, Fevronya, kichwa cheupe kwa mvi, hakutoa hata chozi. Hapo nikaingiwa na shaka. Nikabandua gome. Katikati ya manyoya ya ng'ombe kulikuwa na kishungi chekundu cha nywele za mtu.

Nikamwendea nyumbani.

"Shemeji, umenifanyia nini?"

"Nilitaka mwanangu arudi. Kwani nimekuibia?"

"Atarudije, naye amekufa?"

"Baragumu lako lilimuuliza hilo?"

Niliogopa, sifichi.

"Zitoe, Fevronya. Kijijini haingii, kwa marehemu baba yake haendi. Utamsimamisha langoni mpaka lini?"

Akalichukua baragumu, akalipakata; nikamwachia usiku ule. Asubuhi alinirudishia, gome limefungwa vizuri, macho yamevimba. Zile nywele nyekundu alizishika mkononi.

"Nampelekea mtoni, nimuage. Nikichelewa, nipulizie."

"Kwani wewe ng'ombe?"

Akacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi.

Jioni ikafika, Fevronya hajarudi. Nikalishika baragumu, kidole gumba kikahisi uvimbe chini ya gome. Nikabandua. Kwenye nta kulikuwa na kishungi cheupe cha nywele za mtu.

Nisipopuliza, ng'ombe wataliwa na mbwa mwitu. Halafu, je, kama shemeji yangu kapotea tu, yuko mahali anangoja sauti yangu? Nikapuliza kwa pumzi zote, moyoni nikiomba: njoo unitukane, Fevronya, uniite mzee kibogoyo, wewe njoo tu.

Ng'ombe wakatoka msituni, mmoja mmoja. Wakafika langoni.

Wakasimama, wakakodoa macho nyuma yangu.

Nikavua kofia. Nililia kwanza, ndipo nikageuka.