Alama Chini ya Feni

Mokeira alikuwa amenawa mikono mara nyingi tangu asubuhi, lakini vidole bado vilinuka ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Kila harufu ilipompanda puani, alimtazama Nyakerario kwa pembe ya jicho kuona kama naye ameisikia. Nyakerario hakuwa na habari. Alikuwa ameketi kwenye benchi la duka la kompyuta mjini Kisii, mkoba mapajani, ametulia kama mtu aliyekuja kuchukua haki yake.

Na kwake yeye ilikuwa haki kweli. Kompyuta ya kikundi cha akina mama wa maziwa wa Nyansiongo ilikuwa imekufa, waranti yake haijaisha, na yeye ndiye mwenyekiti. Mokeira, ambaye ni katibu, alijaribu kumshawishi abaki nyumbani. Akataja magoti yake, akataja ngazi za duka, akataja mvua. Wapi. Mali ya kikundi haisafiri na mtu mmoja, Nyakerario akasema, akavaa viatu vyake vya kanisani.

Walimwachia fundi kompyuta asubuhi, wakaambiwa warudi baada ya chakula cha mchana. Chakula chenyewe Mokeira alikitazama tu. Nyakerario alimaliza sahani yake ya matoke, akamuuliza kama ni mgonjwa, kisha akala na ya Mokeira kwa sababu chakula hakitupwi.

Ugonjwa wa Mokeira ulikuwa huu: ile kompyuta ilishafunguliwa. Ilipokuwa mpya ilijivuta mno, na akina mama walipanga foleni wakingoja hesabu za maziwa yao huku wakimnung'unikia yeye. Kulipeleka jambo hilo mkutanoni ni kujitakia hotuba za mwezi mzima. Basi akaibeba kimyakimya hadi Keroka, kwa fundi mmoja aitwaye Mogaka, aliyemwahidi kuiongezea memori iende mbio. Nyuma ya kasha palikuwa na stika ya duka inayosema kwamba ikichanika, waranti imekwisha. Mogaka aliichana kwa ukucha huku akipiga mluzi.

Hapo ndipo Mokeira alipofanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa kikundi chao angelifanya. Mafundi wanajulikana, unawapelekea kitu kizima, wanakurudishia ganda. Akatoa mkobani chupa ya rangi nyekundu ya kucha, akatia tone kwenye kila kipande alichoweza kukifikia, hata pale chini ya feni Mogaka alipoiinua, vilevile kama kikundi kinavyozitia nyekundu sufuria zake kabla ya kuziazimisha kwa harusi na matanga. Mogaka alicheka mpaka akaketi chini.

Kompyuta ikaenda mbio, katibu akasifiwa, foleni ikaisha. Halafu siku moja stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, na kompyuta ikazima isiwake tena. Nyakerario akasema hakuna shida, si kuna waranti? Mokeira akakimbia tena Keroka, roho mkononi. Mogaka akarudisha memori ya zamani na kubandika stika nyingine iliyofanana na ile ya kwanza kama pacha. Mokeira naye, kwa pamba na ile dawa, akaifuta nyekundu yote. Aliamini ni yote.

Fundi wa duka, kijana mpole kwa jina Mathew, sasa akatokea mlangoni akawaita ndani. Kompyuta ilikuwa mezani kwake, ubavu mmoja umeondolewa. Mathew akaeleza kwamba stika ameiona, iko sawa, na kwamba sehemu ya kuingizia umeme imeungua. Mokeira akashusha pumzi. Kwa kitambo kidogo alikuwa mtu huru, akaanza hata kuyakumbuka yale matoke.

"Kuna kitu kimoja tu," Mathew akasema. Akaisogeza feni kwa ncha ya bisibisi. Chini yake palikuwa na tone jekundu linalong'aa. "Hii ni nini?"

Nyakerario akavaa miwani, akainama, akatabasamu. Hiyo ni rangi yao, akaeleza kwa fahari. Bila shaka katibu wake aliitia siku ile ya kununua, duka lilipoifungua kumwonyesha tumbo lake, kabla ya kubandika stika. Yeye siku hiyo alikuwa nje akinunua viazi, lakini anamjua msichana wake. Akamgeukia Mokeira amthibitishie.

Uongo ulikuwa umeshatengenezwa, umepigwa pasi, na aliyemletea ni mama mtu mzima asiyejua kwamba ni uongo. Mokeira akainamisha kichwa kidogo, kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo, na ingeweza pia kuwa shingo inamuuma.

Mathew akaridhika. Ila, akaongeza akikuna kidevu, basi hata vipande vingine vilitiwa rangi, maana ameona vidoa hafifu vya waridi kwenye kila kimoja, mtu amevifuta. Hakusema hivyo kwa ubaya. Alikuwa anashangaa tu. Lakini tabasamu la Nyakerario lilikufa palepale.

Mtu wa kwingine angeuliza nani alifungua. Kwa akina mama wa Nyansiongo swali ni nani alifuta. Sufuria ikikutwa jikoni kwa mtu baada ya matanga, alama ikiwa juu yake, watu husema zilichanganyika, wanacheka, inarudi. Ikikutwa imekwanguliwa, hakuna cha kujadili. Nyanchera, aliyekuwa mweka hazina wao, alikwangua sufuria moja tu, wakaisikia harufu ya mafuta ya taa aliyofutia mikononi mwake, na hadi leo akifika kwenye matanga hapewi hata mwiko akoroge. Mokeira aliyajua haya yote. Lakini kule Keroka, pamba mkononi, alikuwa akiwaza waranti tu. Sasa ndipo alipoona alichokifanya, na hofu aliyokuwa nayo tangu asubuhi ikawa mchezo wa watoto.

"Tulikuachia asubuhi," Nyakerario akamwambia Mathew. Sauti yake haikupanda, ilishuka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Umefuta alama yetu ndio ubadilishe vitu vya ndani. Umetuona sisi ni wamama wa mashamba."

Mathew akakana, akaapa, akaita wateja waliokuwa kaunta washuhudie. Mwenye duka akaja. Alisikiliza upande mmoja tu, wa yule mteja mwenye viatu vya kanisani, kisha akamwambia Mathew kwamba kama kuna kipande kimetoka humo, leo aende nyumbani asirudi.

"Toa mikono," Nyakerario akamwamuru kijana.

Mathew akaitoa. Mbele ya watu wote Nyakerario akaishika, akaisogeza puani, akainusa kidole kimoja baada ya kingine kama anayechagua nyama. Mokeira aliitazama mikono ile, akatamani sakafu ipasuke immeze. Angeweza bado kunyamaza. Kijana hakuwa ndugu yake, na kesho angekuwa mbali na macho yake. Alijaribu kunyamaza kwa nguvu zake zote, akaona mikono yake mwenyewe imeshatangulia.

"Nusa yangu, Mama," akasema.

Nyakerario akamwachia Mathew. Hakuhitaji kunusa, harufu ilimfikia kabla hajainama. Hata hivyo alinusa, polepole, kidole kimoja baada ya kingine, kwa haki ileile. Mokeira akasimulia yote pale pale, machozi yakimtoka: foleni, Mogaka, stika pacha, pamba. Mwenye duka hakungoja amalize kabla ya kusema waranti imekwisha. Nyakerario akamwomba Mathew msamaha kwa heshima, kisha akashika upande mmoja wa kompyuta na kumngojea Mokeira ashike wa pili.

Wakapanda matatu hadi Keroka. Hapo wakashuka na kompyuta yao, Nyakerario akaingia dukani, akatoka na chupa ndogo ya rangi nyekundu. Akaketi kwenye benchi la barazani, malori yakiwapita, akafungua ubavu wa kompyuta ambao Mathew hakuwa ameukaza.

"Rudisha," akasema. "Mkutanoni utawaeleza mwenyewe."

Mokeira akaifungua chupa. Akauliza kwa sauti ndogo kama watamfanya kama Nyanchera.

Nyakerario aliushikilia ubavu usianguke, watu wa Keroka wakipunguza mwendo kuona wanawake wawili wanaopaka kompyuta rangi ya kucha.

"Sijui watasema nini," akajibu. "Lakini Nyanchera tulimshika mikono kwa nguvu ndipo tukainusa."

Mokeira akapaka memori, akapaka diski, akapaka bodi. Alipofika kwenye feni, Nyakerario akamzuia. Pale palikuwa bado na alama.